Shajara ya ghuba tuliyoifunga: perege wa Nyumba ya Mungu, mwaka wa kwanza

Moshi, 4 Septemba

Kikao cha jana kule Lang'ata kimenipa kazi mbili: kutunza fedha za mradi na kuandika kila linalotokea. Fedha nimezizoea. Kuandika ndiko kunakoanza leo, mezani kwangu hapa Pasua, watoto wakiwa wamelala.

Nianze na kilichotufikisha hapa. Nauza perege soko la Mbuyuni tangu mzaliwa wangu wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa yuko kidato cha nne. Enzi hizo kilo moja ilikuwa samaki watatu, wakizidi sana wanne. Wiki iliyopita nilipima kilo kwenye mizani ileile nikahesabu kumi na sita. Mama mmoja, mteja wangu wa kila Jumamosi, aliwageuzageuza kwa kidole, akanitazama usoni. "Dada, hawa umewanyang'anya mama yao," akasema, kisha akaenda kununua maharage. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa atakayesoma na hajafika: Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale Kikuletwa unaposhuka na maji ya Meru na Kilimanjaro ukakutana na Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. Kutoka hapo ndipo mto unaitwa Pangani. Likijaa, bwawa linafika kilomita za mraba zipatazo 140. Ukikaa na wazee watakusimulia miaka ya mwanzo ya 1970, wavuvi wakimiminika na nyavu zao kutoka maziwa makubwa, samaki wakipakiwa usiku na mchana. Haikudumu. Samaki walipungua haraka, na kijana aliyezaliwa baadaye anaisikia habari hiyo kama hadithi.

Wavuvi 22 na wachuuzi 9 tumechanga. Mpango tulioupitisha ni mfupi: kununua vifaranga, kuwamwaga bwawani, kusubiri. Nimeupigia kura kwa moyo wote. Naona kupanda samaki ni kama kupanda mahindi, na aliyepanda huvuna.

18 Septemba

Mtoto wa kaka yangu, yule aliyesomea uvuvi, amekuja kula mchana. Nilimwonyesha mpango wetu. Akausoma, akaweka karatasi chini ya sahani.

"Shangazi, kabla hamjatoa hela, ngoja nikueleze habari za kombe wa Japani."

Kombe ni jamaa wa chaza, mwenye magamba mawili ya duara yaliyochongeka mifereji kama pepeo la mkaa. Nyama yake inauzwa ghali. Wavuvi wa Hokkaido, kaskazini kabisa ya Japani, waliwavua mpaka chini ya bahari pakabaki patupu. Kijiji kimoja kiitwacho Sarufutsu kilikuwa hoi kwa umaskini. Mwaka 1971 ushirika wa wavuvi wa pale ukaanza kupanda mbegu za kombe baharini kwa wingi, na leo kijiji hicho kinatajwa kati ya vyenye kipato kikubwa nchini mwao.

Nikamuuliza, mbegu walizitoa wapi? Hapo ndipo niliposahau chakula. Kombe mchanga huelea majini wiki kadhaa, kisha hutafuta kitu cha kujishikiza kwa nyuzi zake. Akikua kidogo anaachia, anaanguka chini, na wengi hufia huko. Miaka ya 1960 mvuvi mmoja wa ghuba ya Mutsu alitia vishikizo ndani ya mfuko wa vitunguu. Vitoto vinapenya tundu vikiwa vidogo, vinakulia humo, na siku vinapoachia vinaangukia mfukoni, vimeshakuwa vikubwa kuliko tundu. Mfuko wa vitunguu! Ile mifuko ya wavu mwekundu inayorundikwa nyuma ya vibanda vyetu Mbuyuni, tunaikanyaga kila siku.

Kwa hiyo mbegu zao zilitoka bahari ileile, hazikununuliwa mahali. Huzilea karibu mwaka, ndipo huzimwaga. Na kabla ya kumwaga husafisha mahali, huondoa nyota wa bahari wanaokula kombe. Halafu kuna jambo nililomfanya alirudie mara mbili: pwani ya huko wameigawa mapande manne. Kila mwaka wanapanda pande moja na kuvuna pande moja, mengine hayaguswi. Kombe aliyepandwa leo anaachwa miaka mitatu hivi bila chombo cha mtu kumpita juu.

New Zealand wakajifunza hayo kwa Wajapani. Uvuvi wao katika ghuba za Tasman na Golden ulikuwa umeanguka hadi kufungwa 1981 na 1982. Kuanzia 1983 wakapanda mbegu, baadaye wakavua kwa zamu, na kwa miaka mingi mambo yalikuwa mazuri. Kisha kombe wakaanza kupungua tena huku mbegu zikiendelea kumwagwa. Mwaka 2016 serikali ikafunga. Katika sababu zinazotajwa kuna tope linalotoka nchi kavu na kufunika sakafu ya bahari.

"Mbegu walikuwa nazo, shangazi. Kitanda ndicho kilichoharibika."

Nimelala na neno hilo. Perege wetu si kombe. Kombe ukimwacha mahali utamkuta papo hapo, perege ana mapezi. Kifaranga nitakayemmwaga Lang'ata anaweza kuvuliwa upande wa Simanjiro na mtu asiyejua hata kama tulichanga. Kisichotembea kwa perege ni kitu kimoja tu: kiota.

3 Oktoba

Naandika nikiwa na uchungu.

Fedha zilikuwa zimeshalipwa, nusu ya mfuko wetu. Vifaranga 4,000 walifika Lang'ata jana saa tano usiku ndani ya Noah, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wakiwa hai na wazuri kabisa. Tuliagiza perege wa bonde letu. Vijana walishaanza kuelekea majini na mifuko mabegani. Babu, mvuvi mkongwe kuliko wote, akasema ngojeni. Akachota mmoja kwa kikombe cha chai, akamlaza kiganjani, akaniambia nimulike simu.

Mkia ulikuwa na mistari. Mistari myembamba ya kusimama, imepangika toka mwanzo wa mkia hadi mwisho, kama khanga iliyokunjwa. Akachota wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote.

"Hawa sato," Babu akasema. "Wa kwetu hana mkia huu."

Mpwa wangu alinieleza maana yake kwa simu usiku uleule. Sato ni perege mgeni, si wa bonde hili. Huzaana na perege wa asili, na watoto huwa mchanganyiko. Perege wa Jipe, wataalamu wanamwita Oreochromis jipe, ni wa bonde hili la Pangani tu, na tayari yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Sato wameshaonekana humu bondeni, najua. Hiyo si sababu ya mimi kuongeza 4,000 kwa mkono wangu.

Aliyetuuzia alipopigiwa alijibu kwamba samaki ni samaki, na fedha hairudi. Nililia pale mwaloni mbele ya vijana, na sioni aibu kuliandika. Kulipokucha tuliwapeleka wote kwa mfugaji mwenye matangi ya saruji, asiyeachia maji yake mtoni bila chujio. Alitupa kidogo, haikufika hata nauli.

9 Oktoba

Kikao kilikuwa kikali. Wapo waliosema tungewamwaga tu, mteja wa Moshi haangalii mkia. Wapo waliotaka wagawiwe fedha iliyobaki kila mtu aende zake. Mpwa wangu akawaeleza habari za mapande manne ya Hokkaido. Mwenyekiti akauliza swali moja: "Hapa kwetu pande lipi tukilifunga litazaa?" Wavuvi wote wakageuka kumtazama Babu.

Tumepiga kura: kufunga ghuba moja, na kulea vifaranga kutoka kwa perege wa bwawa hilihili. Kura 17 kwa 14.

26 Oktoba

Babu alinipakia mtumbwini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya upepo. Akazima maneno, nami nikanyamaza. Tulipofika mahali maji yanafika kiunoni akaniambia niiname nitazame chini.

Miaka yote hii nauza perege sikuwahi kuiona nyumba yake. Mchangani kulikuwa na vishimo vya duara kama sahani za pilau, kimoja pembeni ya kingine, vimefagiliwa hata jani halimo. Juu ya kila kimoja dume limesimama, limekoza rangi, likimkimbiza jirani akivuka mpaka. Jike hupita, hutaga, huyachota mayai yake mdomoni na kuondoka. Kuanzia hapo ale asile, mdomo ni wa watoto. Mayai huanguliwa baada ya siku tano hivi, lakini anaendelea kuwabeba, na hata wakishaanza kutoka kuogelea, likipita jambo la kuwatisha hukimbilia mdomoni. Karibu wiki mbili zote hizo mama hali, au hula kidogo mno.

Tulihesabu viota 61 katika ghuba hiyo. Kuizunguka kwa miguu ni mwendo wa dakika arobaini. Mipaka tumeiweka kwa milingoti ya mkonge uliokauka, tumefunga madumu meupe juu yaonekane kwa mbali. Kikundi cha ulinzi wa mwalo kimekubali, bwana samaki wa wilaya amekuja kutusomea makubaliano, na vijiji viwili vimetangaziwa msikitini na kanisani.

15 Novemba

Malezi yameanza. Tuna "hapa" nne, yaani zile nyumba za wavu mwembamba zinazotundikwa majini kwenye miti. Kila moja ina madume matano na majike kumi na tano, wote tumewakagua mkia. Chakula ni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, nasaga Moshi nawatumia kwa basi hadi Mwanga, kijana wa bodaboda anamalizia.

Leo nimejifunza kuwatoa watoto mdomoni. Unamshika jike kwa kitambaa kilicholowa, unamfungua taya taratibu kwa kidole gumba, unamwinamisha kwenye beseni na kumtikisa kidogo. Wa kwanza hakutoa kitu. Wa pili akatapika ulezi. Ndivyo nilivyodhani, ulezi wa rangi ya chungwa. Kisha ule ulezi ukaanza kutetema, kila punje ina macho mawili meusi na kifuko cha kiini tumboni. Nilihesabu hadi mia tatu nikapoteza hesabu, nikakaa tu kuwatazama.

11 Januari

Kokoro limeingia ghubani.

Mlinzi alipiga simu saa nane usiku. Mimi nililala Lang'ata kwa kuwa leo ilikuwa zamu yangu ya kupima vifaranga, kwa hiyo nilikuwepo lilipovutwa nje. Vijana sita, kamba mbili, mfuko wa wavu wenye tundu zisizopitisha hata kidole. Kokoro halichagui, linakwangua chini, na viota vyote lilikopita vimesawazishwa kama uwanja uliofagiliwa.

Wavu ulipotua mchangani, majike yakatema. Mwanga wa tochi ulionyesha kila mdomo ukimwaga wingu la vitoto juu ya mchanga mkavu, vikirukaruka, mchanga ukivinywa. Mimi na mlinzi tulipiga magoti tukawachota kwa viganja kuwarudisha majini. Nilipofumbua kiganja cha tatu au cha nne, waliobaki hai walikuwa wachache. Katika kilo zipatazo arobaini za samaki waliovuliwa usiku ule, mchuuzi kama mimi angeuza asubuhi na kupata fedha ya siku. Kilichobaki mchangani ndicho kingekuwa biashara ya mwaka kesho.

Mmoja wa vijana wale ni mtoto wa mwanachama wetu. Baba yake alifika na shuka begani. Hakumpiga. Alimwambia, "Njoo uone," akamshika mkono akampeleka palepale kwenye mchanga, akamulika.

19 Januari

Kokoro limeteketezwa mbele ya bwana samaki na wanakijiji. Kijana ameomba apewe zamu ya ulinzi. Kikao kimekubali. Wapo walionong'ona kwamba ni kumpa fisi bucha, lakini mimi nilisimama kumtetea. Anajua njia zote wanazopita.

Vifaranga wetu wa kwanza, 1,150, wamefikia urefu wa kidole cha mwisho. Tumewaachia ndani ya ghuba, kwenye majani. Watu walitaka picha nyingi na nilipiga. Lakini nimefanya hesabu usiku: majike wachache tu wakiachwa salama ghubani wanatoa watoto wengi kuliko hapa zangu zote nne kwa mwezi mzima, bila pumba wala nauli.

20 Februari

Maji yameshuka kwa kasi ambayo hatukuipangia. Bwawa hili lina kazi nyingine: maji yake hufunguliwa kuzungusha mtambo wa umeme wa megawati 8 hapo hapo kingoni, na huko chini yanasubiriwa na mitambo ya Hale na New Pangani Falls, na njiani kuna mashamba. Kiangazi kikikaza, ukingo wa maji unarudi nyuma siku hadi siku.

Nilipofika leo milingoti yetu imesimama nchi kavu, madumu yanapigwa na upepo. Viota vya Oktoba viko juu ya tope lililopasuka, duara zao bado kamili. Mbuzi walikuwa wanapita juu yake. Perege wamefuata maji, wamechimba upya hatua zaidi ya mia mbili mbele, nje ya mpaka, na wavuvi wanatega pale bila kosa lolote. Mpaka tuliuweka ardhini wakati samaki anafuata kina.

Babu na vijana walikaa chini ya mgunga tangu mchana hadi jua kuzama. Walichokubaliana: milingoti iondolewe, tutumie madumu yanayoelea, yafungwe kwa kamba ndefu yenye jiwe, na kila Jumapili mlinzi ayasogeze kufuata maji yenye kina cha kiunoni. Jumatatu mwaloni watu wanaambiwa mpaka uko wapi. Hakuna mtaalamu aliyetufundisha hili.

28 Aprili

Masika. Kikuletwa umeleta tope jekundu siku nane mfululizo. Nimetumbukiza mkono pale palipokuwa na viota nikazama hadi kiwiko kabla ya kugusa mchanga. Nikawakumbuka wa Tasman. Kulima hadi ukingoni mwa mto kunafanyika mbali na sisi, na hatuna mamlaka huko, ila nimeandika barua kwa vijiji vitatu vya juu kuomba tukutane. Kimoja kimejibu.

30 Juni

Baridi. Maji yamepoa, perege hawajengi sana. Hapa mbili zimechanika, kenge ndiye mhusika. Nimeshona.

29 Septemba

Mwaka umetimia, tumehesabu. Mtumbwi uleule, Babu yuleyule, saa ileile ya asubuhi: viota 143.

Mizani nayo. Samaki wanaovuliwa jirani na mpaka wa ghuba, kilo moja sasa ni tisa. Wa sehemu nyingine za bwawa ninaowapokea Mbuyuni bado kumi na tatu, kumi na nne. Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri na maji yalipanda mapema, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba yote ni kazi yetu. Ninachoweza kusema ni kwamba wavuvi waliopiga zile kura 14 za kupinga sasa ndio wanaotega karibu kabisa na madumu, na hakuna aliyewalazimisha.

Jana kikao kilivutana tena. Hoja ni kufungua ghuba wiki mbili, watu wavune walichosubiri mwaka mzima. Mwenyekiti anaelekea huko, na ninamwelewa: ana watoto watatu shuleni. Nilisimama kupinga. Kwa kombe wa Hokkaido, pande linafunguliwa kwa kuwa aliyepandwa humo amekomaa na hana pa kwenda. Samaki wetu anatoka mwenyewe kila siku, anavuka madumu, anaingia kwenye nyavu zetu halali. Tunavuna tayari. Tukifungua ghuba tunavua mama. Kama tunataka zamu, tufunge ghuba ya pili upande wa kusini kabla ya kugusa hii.

Uamuzi umeahirishwa hadi Jumapili ijayo. Nimeshatembelea ghuba ya kusini na yule kijana wa kokoro. Mchanga wake ni msafi na tumeona viota 38. Inahitaji madumu 24, kamba ya mita 300 na mlinzi mmoja wa ziada. Madumu nitayapata kwa wauza mafuta ya kula Mbuyuni, nimeshaahidiwa kumi. Mlinzi wa sasa amelipwa hadi 31 Oktoba, na mfukoni kumebaki posho ya wiki tano. Kesho naanza kupitia wachuuzi mmoja mmoja kuomba kila mtu aweke shilingi mia kwa kila kilo anayouza, na nitaanza na meza yangu.